Ganda la Simu Dukani kwa Azizi

Lidwina, nimekuwa mbaya leo. Mbaya kabisa.

Si unajua wifi Getruda alivyotuchosha na habari za simu mpya ambayo haijafika Songea? Jana nikamwambia imefika dukani kwa Azizi, mtaa wa Lizaboni. Nilijua ile ya kwenye kioo ni ganda tupu la maonyesho.

Leo kaja na wanakwaya wenzake, nami nimo dukani! Kaishika, kaiweka sikioni. SIKIONI, shoga!

Azizi akasema, "Dada, hiyo plastiki. Zenyewe bado ziko Dar."

Duka zima kicheko.

Wifi akanigeukia: "Ya zamani nimempa mdogo wangu, kaondoka nayo asubuhi kwenda Hanga. Daktari anapiga leo kunipa majibu ya vipimo vya baba. Nitapokelea wapi?"

Nikamjibu, "Pokelea hiyohiyo ya plastiki."

Nilisema hivyo, Lidwina. Safari hii hakucheka mtu.