Suruali ya Monita

Shosti, leo asubuhi nilikuwa na kaka tunaandaa bunduki ya rangi, ile ya mchezo wa timu mbili kulengana kwa vidonge vya rangi. Nilichagua fupi, maana ndefu inanasa vichakani. Tukajaza hewa, tukaijaribu kwenye ndoo mpaka shabaha yake ikanyooka.

Basi mchezo umeanza, nimejilaza kichakani, nasikia mtu nyuma yangu. Nikashtuka, nikageuka, nikafyatua.

MONITA wa darasa letu! Yule yule ninayeshindwa hata kumsalimia! Wa timu YETU! Nimempata makalioni! 😭

Akageuka: "We dada, mimi wa kwenu!"

Eti 'mimi wa kwenu', shosti! Tangu tuanze shule nasubiri aniambie neno, ndo kaanza na hilo.

Kaka naye anachekelea: "Ila bunduki tumeinyoosha, hatujakosea."

Nimemwandikia monita: "Pole kwa suruali. Nilikuwa nakulinda."

Ameshasoma. Nami bado naitazama simu.