Mashine ya Baba Inapowashwa

Mbotela, Nairobi
6 Oktoba 1996

Kaka yangu Shiundu,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Kabla sijasema lolote, niambie kwanza: kifua kimepona? Barua yako ya Agosti ilisema unakohoa tangu mvua za huko Pune zianze, na wewe nakujua, dawa hunywi mpaka ushikwe mkono kama mtoto. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mimi mzima, cherehani yangu nzima, na paa linavuja palepale unapopajua. Baba yupo. Habari zake ni ndefu, ndiyo maana nimengoja Jumapili hii alale baada ya chakula cha mchana, nami niandike kwa kalamu badala ya ile mashine yake.

Uliniuliza nimeongeza nini kwenye programu yako ya kuwashia hata nikathubutu kuiita toleo la pili. Ulicheka, wewe! Nilikisikia kicheko chako mpaka kwenye karatasi. Ati fundi wa kushona sare za shule leo anaandika programu. Haya, cheka, ukimaliza usome. Ukija Desemba utaikuta mashine si ile uliyoiacha, na sitaki ukae mbele yake kabla hujajua kwa nini.

Unaikumbuka lakini? Ile kompyuta kuukuu uliyoinunua kwa mzee wa Ngara aliyekuwa akihama, keyboard nene kama tofali, inachomekwa kwenye televisheni. Haina saa ndani yake. Ukiizima inasahau kila kitu, na ukiiwasha, programu yako inauliza jina, inauliza tarehe, ndipo inakubali kazi. Baba hakuwahi kuona hilo kuwa usumbufu. Saa mbili kamili asubuhi, kofia kichwani, kifungo cha shingo kimefungwa, anajibu maswali yako kama karani anayeripoti kazini. Kisha anapiga taipu. Watu wetu wa Magharibi wote wa hapa, na hata wa Buruburu, wakifiwa wanakuja kwake awaandikie wasifu wa marehemu na ratiba ya mazishi, majina ya watoto na wakwe yakiwa yamepangwa vizuri wasije wakagombana kaburini. Tangu Mama atutoke, kazi hiyo ndiyo imemshikilia. Wakimwambia apumzike anasema atapumzika siku atakayokosea jina la maiti.

Basi mwezi wa Machi tulimzika mzee Nabiswa, yule wa kwaya. Baba aliandika kila kitu, karatasi zikapelekwa zikatolewa fotokopi mia na hamsini, zikagawanywa. Unajua programu yako inachukua ile tarehe ya asubuhi na kuiweka juu ya kila ukurasa. Nasi tukafungua ratiba mbele ya jeneza tukasoma: 16 Machi 1991. Nabiswa wa watu amezikwa miaka mitano kabla ya kufa! Watu walicheka, Shiundu, si kwa ubaya, unajua matanga yetu yalivyo, lakini Baba alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alisema ni mashine. Mimi nikakutukana wewe kimoyomoyo njia nzima ya kurudi.

Jumatatu yake nilisimama nyuma ya kiti chake na chai mkononi. Mashine ikauliza tarehe. Akaandika siku sawa, mwezi sawa, kisha 1991, bila kusita, kama mtu anayeandika jina lake. Jumanne, hivyo hivyo. Jumatano nikamkumbusha kwa upole kwamba tuko tisini na sita, akanitazama kama nimemvunjia heshima, halafu akaniuliza Mama Shiundu ameenda sokoni saa ngapi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Mama alikufa Novemba ya mwaka huo anaouandika. Baba yuko Machi, bado ana miezi minane naye.

Sasa unaelewa kwa nini nilifungua daftari lako la programu. Nilitaka kitu kimoja tu, Baba asichekwe tena. Na wewe, haki ya Mungu, uliandika programu yako kama kuku aliyeona mwewe! Ruka hapa, rudi kule, mstari huu unamtuma mtu kwenye mstari usiokuwapo. Niliifumua yote kama sare iliyombana mtoto nikaishona upya. Ilinichukua wiki tatu. Siku hizi mashine haiulizi tarehe. Inaiweka kwenye diski, na kesho yake inaongeza siku moja. Jumapili Baba hawashi, basi naisogeza mimi kwa kutazama kalenda ya kanisa. Nimeongeza herufi kubwa kwa sababu ya macho yake. Badala ya kuandika amri anabonyeza moja kwa wasifu, mbili kwa ratiba, tatu kwa barua. Halafu stima ikipotea ikarudi, inamfungulia ile kazi aliyokuwa akiifanya, asianze kutafuta. Hilo la stima najivunia sana. Wewe hukuweza.

Nilidhani nimemficha. Kumbe Baba ni karani, huwezi kumwondolea karani swali lake la asubuhi asijue. Siku moja mwezi wa Aprili, siku ambayo alikuwa ameamka na akili zake zote, aliniita, akafunga mlango, akaniuliza ni nani anayejaza tarehe siku hizi. Nikamweleza. Nilitegemea akasirike. Hakukasirika. Alisema anajua kwamba anapotea. Alisema kuna asubuhi anamwita Mama amletee chai, nyumba inanyamaza, na katika kule kunyamaza ndipo anakumbuka. Akasema kama mashine inaweza kumkumbukia tarehe, basi imkumbukie na mengine. Akakaa akaandika kwa mikono yake mwenyewe mistari minne, nami nikaiweka iwe ya kwanza kuonekana kila anapowasha. Nakunakilia ilivyokuwa:

Hapa ni kwako, Mbotela. Umestaafu, usiende kazini.
Binti yako Nakhumicha yuko nyumbani nawe.
Shiundu yuko India kwa masomo. Hajapotea.
Lydiah mkeo alifariki tarehe 12 Novemba 1991. Usimwite.

Huo mstari wa mwisho niliukataa. Akatoa Biblia ya Mama kabatini akaniapisha kwamba sitauondoa, hata yeye mwenyewe akinisihi. Alisema ameandika habari za wafu wa watu miaka yote hii, na hatakubali kuwa mzee anayedanganywa nyumbani kwake huku majirani wakikonyezana. Afadhali alie kila siku, alisema, lakini alie akijua. Nikaapa, kaka. Niliweka mkono juu ya Biblia nikaapa.

Na ilisaidia. Mpaka mwisho wa Juni alikuwa akisoma mistari yake, akitikisa kichwa, akibonyeza moja, kazi ikiendelea. Ndiyo maana barua zangu za wakati ule zilikuwa na furaha. Sikukudanganya. Nilikunyima tu nusu.

Julai mstari wa nne ukawa habari mpya. Sijui nikuelezeje. Aliusoma, akavua kofia, akaniuliza lini, nani alikuwepo, kwa nini yeye hakuitwa. Nikamwambia alikuwepo, yeye ndiye aliyemshika mkono. Hakuniamini. Akanituma kanisani nikaazime mabenchi kwa sababu watu wataanza kuja. Nikatoka, nikasimama nje, nikarudi. Nikamkuta amekaa anapiga taipu wasifu wa Mama. Alipomaliza alilala, na akaamka hana habari ya lolote. Nikasema imepita. Keshokutwa yake ikawa tena. Kisha ikawa karibu kila wiki mara mbili. Kila mara ni leo Mama amekufa, kila mara nikaazime mabenchi, kila mara anakaa anaandika.

Kwenye diski kuna wasifu wa Mama kumi na saba. Nimezihesabu. Hakuna mbili zinazofanana, na jina lake halijakosewa hata mara moja. Kwenye mmoja anasema Mama alimkataa mara mbili kabla ya kumkubali, kwa sababu ya viatu vyake. Kwenye mwingine Mama anamfukuza mwizi wa kuku kwa mwiko, hilo unalijua. Kwenye wa kumi na tatu anasema kulikuwa na mtoto kabla yako, msichana, aliishi siku tisa, na Mama hakutaka tuambiwe. Je, ulikuwa unajua? Mimi sikujua.

Shamso wa mlango wa pili, yule muuza vitambaa, ndiye aliyenikuta siku niliyousoma huo nimekaa kwenye ngazi. Nilimwambia yote. Akasema kwao mtu akifiwa huomboleza siku zake, zikaisha, akarudi kuishi, na kwamba mimi ninamuulia baba yangu mke tena na tena. Nilimkasirikia sana. Nilimwambia asiingilie mambo ya kwetu, kuna kiapo. Akajibu kwamba aliyeapishwa na mgonjwa aangalie pia ugonjwa. Hatukusalimiana siku mbili.

Sasa nisikilize, Shiundu, kwa maana hili ndilo lililonifanya nianze barua hii mara nne nikaichana. Tarehe tatu Septemba, Baba akiwa anaoga, niliuondoa ule mstari wa nne.

Nimevunja kiapo changu. Tangu siku hiyo Baba ana furaha. Anasoma mistari mitatu, anaanza kazi, anaimba zile nyimbo zake kwa pua. Ananiomba vikombe viwili vya chai, kimoja anakifunika kwa kisahani amwekee Mama. Saa nne anauliza amechelewa wapi. Mimi nasema yuko sokoni Burma, kuna foleni ya nyama. Siku nyingine Shamso anapita mlangoni na kusema amemwona, anakuja. Baba anaridhika. Nikiondoa vyombo ninakinywa kile kikombe kilichopoa, kwa sababu siwezi kukimwaga. Nimekuwa hodari wa uongo, kaka, na kila uongo namwambia mzee aliyeniomba kitu kimoja tu, nisimdanganye.

Wiki iliyopita alikaa mbele ya televisheni bila kubonyeza chochote. Akaweka kidole kwenye kioo akahesabu mistari, mmoja, wa pili, wa tatu, na kidole kikabaki pale chini kwenye weusi. Akageuka akanitazama muda mrefu. Alisema tu kwamba mashine imekuwa na maneno machache siku hizi. Nikakimbilia jikoni nikaunguza ugali.

Lakini sikuufuta, ndilo ninalotaka ujue. Wewe ndiye uliyeandika kwenye daftari kwamba mstari ukiwekewa zile herufi tatu mbele, mashine inaupita kama haujauona. Nimeuwekea. Umo bado, mahali pake, maneno yake yote kama alivyoyaandika. Kuurudisha ni kuondoa herufi tatu, kazi ya kufumba na kufumbua. Kila Jumapili nakaa pale nikiisogeza tarehe, vidole viko juu yake, na siwezi. Nikimfikiria Baba wa Aprili aliyefunga mlango, naona mimi ni msaliti. Nikimfikiria Baba wa Julai amevua kofia, naona kuurudisha ni unyama. Na wote wawili ni yeye. Wewe ndiye mkubwa wetu. Njoo ukae naye japo wiki moja, uwaone wote wawili, ndipo uniambie. Ukisema urudishwe, nitaurudisha na nitaazima mabenchi. Ila usiniandikie jibu kwa barua, tafadhali. Hili huwezi kuliamua ukiwa mbali.

Ndani ya bahasha nimekuwekea diski, nimeifunga kwa kadi mbili isipinde. Ni zile wasifu kumi na saba. Sijui kama huko kuna mashine ya kuisoma. Kama haipo, ishike tu.

Shamso anakusalimu, tumeshapatana, na anasema usithubutu kufika bila kitambaa cha India. Wa kanisani wote wanakuulizia. Paa nitalitengeneza kabla hujaja, nisikusikie ukinung'unika.

Baba ameamka. Amenikuta mezani akauliza namwandikia nani, nilipomwambia akacheka peke yake kwa furaha. Anakusalimu sana, na anasema uvae sweta, kifua si cha kuchezewa. Ameniagiza niandike pia kwamba Mama yako anakusalimu, ametoka kidogo tu, na ukifika Desemba utamkuta. Amesimama hapa nyuma yangu ahakikishe. Nimeandika.

Dada yako akupendaye,
Nakhumicha