Nukta Kwenye Mzani

Jumatatu, 4 Machi
Sista wa zahanati kaja tena na pikipiki yake. Safari hii hakuleta dawa, katoa mpira mwembamba kama utambi, na plasta. Nikadhani ni wa kumtia mtoto puani, roho ikaruka. Kumbe ni wangu mimi!

Ati ncha moja inabandikwa kwenye chuchu, nyingine inatumbukia kwenye kikombe cha maziwa ya kopo. Mtoto ananyonya ziwa, anapata ya kikombe. Na kule kunyonya ndiko kunakoita yangu yarudi. Yangu! Kitinda mimba wangu yuko darasa la pili. Nikamwambia Sista, mwanangu, hapa palishafungwa, hata ufunguo sijui uko wapi. Kacheka. Kasema amewahi kumwona bibi mkubwa kuliko mimi akinyonyesha.

Hakunificha. Maziwa ya kopo leo yapo, kesho hayapo. Nukta haongezeki uzito. Tukiendelea hivi mkuu wa zahanati atamwandikia kwenda kituo cha watoto mjini. Kule kuna maziwa. Bibi hakuna.

Nukta nimemwita mimi, kwa udogo wake. Mama yake hakuwahi kusema jina alilotaka. Alimzaa, akamshika, akasema anasikia baridi. Mwanangu. Basi, hilo siandiki.

Jumanne, 5 Machi
Plasta haishiki, jasho. Kikombe kisipite bega, kasema Sista, maziwa yatamkimbilia mtoto. Nani wa kukishika? Mkono mmoja mtoto, mmoja ziwa. Baba watoto akachungulia mlangoni, akauliza, "Mama, humu tunatengeneza gari?" Nikacheka mpaka nikalia. Akaingia, akakaa, akakishika kikombe. Macho yake dirishani kwa aibu, mzee wangu.

Nukta kanyonya, kaacha. Kanyonya, kaacha. Nikaona huruma, nikampa yaliyobaki kwa kijiko. Sista alikataza kijiko. Sasa alale na njaa?

Alhamisi, 7 Machi
Sista kanipa na kazi! Mke wa fundi cherehani, nyumba ya pili, aliyejifungua juzijuzi. Maziwa yanamlowesha mpaka tumboni, ila mtoto hamtazami. Ananyonyesha huku kageukia ukuta. Mama mkwe wake anasema anadeka, sisi tulizaa tukarudi shamba. Sista kamwambia, mama, huyu anaumwa, msimwache peke yake. Halafu kanigeukia mimi: tuwe tunakaa wote tukinyonyesha.

"Yeye maziwa anayo. Wewe una mdomo."

Ati mdomo!

Ila nikawaza wakati narudi kutoka kwao. Mimi je? Nukta akiwa kifuani namfunika uso kwa pindo la kitenge. Nasema ni inzi. Inzi gani?

Jumapili, 10 Machi
Mke wa fundi kaja, kakaa mkekani. Nikaongea weee, koo likakauka. Kuku wa jirani, mvua, meno yangu. Yeye akachezea ukingo wa mkeka. Akatazama ule mpira, akauliza kama unauma. Nikasema unatekenya. Akakaribia kucheka, akajizuia.

Baadaye akasema kwamba mtoto wake akilia anasikia kama analia mtoto wa watu. Akaniuliza kama siogopi kumwangusha Nukta. Naogopa kila siku, nikamwambia. "Sasa mbona humwangushi?"

Nikajitia kubandika plasta upya. Mdomo wangu wote ule!

Ziwa bado kavu.

Jumanne, 12 Machi
Aibu ya mwaka!

Kliniki imejaa. Wanawake wakanipokea, "Bibi naye yumo! Hongera kwa uzazi!" Mwingine akasema nimuulize mzee kama kuna mwingine njiani. Nikajibu wapo pacha. Vicheko. Moyoni nilikuwa nawaza ule mzani tu.

Nikajifanya mjanja. Pale kwenye benchi nikamnywesha Nukta maji ya uvuguvugu, kijiko juu ya kijiko. Maji nayo si yana uzito? Akatiwa kwenye ile kaptura ya kupimia, akaning'inizwa, mshale ukapanda. Nikapiga kigelegele! Hakijaisha, Nukta huyo akacheua, shaa! mpaka sakafuni. Maji matupu. Sista akayaangalia. Akaniangalia. "Mama, haya maziwa ya rangi gani?"

Benchi zima lilikufa kwa kicheko. Sista hakucheka. Kanivuta pembeni. Tumbo lake kama ngumi yake, ukilijaza maji maziwa yatakaa wapi? Na maji kwa mtoto kama huyu ni hatari, kasema, angeweza kukuzimikia hapahapa mapajani. Nilitaka nimbakize, kumbe namwondoa mwenyewe.

Uzito wa leo hakuandika. Atakuja nyumbani Jumatatu na mzani wake, na atakachokiona ndicho atakachompelekea mkuu. Maji hapana, kijiko hapana. Halafu akalishika pindo la kitenge, akalifunua. "Na huyu mtazame. Anayaita maziwa kwa uso pia, si kwa mdomo tu."

Ijumaa, 15 Machi
Nimemtazama. Nyusi ni zilezile. Mwanangu alipokuwa mdogo alikuwa akinyonya anaikunja moja hivihivi, kama kuna kitu hajakiamini. Nimelia plasta ikabanduka.

Baba watoto yuko jikoni anachemsha ule mpira. Ananiambia nimwachie, ati mimi sijui kupima muda. Haya, daktari.

Bado. Hata tone.

Jumamosi, 16 Machi
Mke wa fundi hajaja tangu juzi. Nikaenda. Mama mkwe wake kanizuia mlangoni, ati kalala, yule ni mvivu tu. Nikarudi. Ningeingia. Kwa nini sikuingia? Nawaza mzani, nawaza mzani, akili yote iko huko.

Jumatatu, 18 Machi
Mkono mmoja huu, maandishi yanalala.

Asubuhi mke wa fundi kaja na ndoo, mtoto mgongoni. "Mama, nishikie, nafika bombani mara moja." Nikampokea. Mtoto kavalishwa kofia, soksi, nguo ya kutokea. Soksi, na jua hili! Sikulitia akilini. Alisimama akamtazama usoni, akamtazama sana, akaigusa pua yake. Nikafurahi! Nikajisemea, amepona huyu. Mjinga mimi.

Bomba liko nyuma ya zahanati, hata ukikuta foleni hukawii. Jua likapanda. Nikatoka kumwaga maji machafu, nikaiona ndoo yake. Iko nyuma ya mlango wangu. Kavu.

Nimepiga kelele. Baba watoto kakimbilia njia ya mtoni, fundi katoka na sindano bado iko mdomoni, kashika ya barabarani. Mama mkwe kakaa kizingitini kwangu, anasema alikuwa anadeka tu, alikuwa anadeka tu, sauti inamwishia.

Ndipo mtoto wa fundi akaanza kulia. Kilio kile cha njaa, kinachopasua. Nukta kimya mapajani. Kitu kikanichoma kwapani, kama sindano sindano, blauzi ikalowa. Nikadhani Nukta kajikojolea. Nikampapasa. Mkavu. Nikajipapasa mimi.

Yangu! Yamekuja kwa kilio cha mtoto wa watu.

Sikujua nicheke au nini. Nukta nimemweka kulia, hana mpira, hana kikombe, anameza, koo lake nalisikia, nyusi imekunjwa. Yule mwingine kapewa ya kopo, bibi yake anamnywesha, nusu inaishia kwenye kofia. Kanyamaza. Anatazama mlangoni.

Baba watoto kapita mbio, kapandisha mabega, hajamwona, kaelekea juu.

Pikipiki hiyo, inapanda kilima. Sista na mzani wake. Wiki nzima nimeingoja sauti hiyo kwa hofu, sasa naona inachelewa. Mzani utangoja. Nitatoka hivihivi na Nukta ziwani, nimwambie asizime pikipiki, amtafute mke wa fundi kwanza.