Gesi Iliyoonekana Kutulia

Nyumbani, mezani kwa Baba
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani? Shemeji hajambo? Na yule Mchokozi wenu, meno yameota au bado anawachekea kwa ufizi? Mimi na Baba tu wazima, ila kikohozi changu kimekuwa mpangaji asiyetaka kuhama.

Barua yako nimeipata. Unasema kwa kuwa Baba ametulia tangu tumzike Mama, safari yenu ya kuja huku mtaisogeza hadi mwakani. Naomba usome hii mpaka mwisho kabla hujaamua.

Uliniuliza habari za kazi. Bado tunapima uzito wa makundi ya galaksi, na Baba bado anawaambia majirani kwamba nalipwa kwa kukodolea macho giza. Kundi moja lina galaksi mamia, kila moja ikiwa na mabilioni ya nyota, na katikati yake imejaa gesi ya moto ajabu. Mizani ya kuliweka hakuna, kwa hiyo tuna njia mbili. Moja ni joto la gesi, maana kundi likiwa zito zaidi, gesi yake nayo huwa moto zaidi. Nyingine ni mwanga wa galaksi zilizo nyuma ya kundi. Mwanga huo ukipita kando yake unapindishwa, na jinsi ulivyopinda ndiyo inatuonyesha uzito.

Kundi langu likawa na kauli mbili. Mwanga ulitoa uzito mkubwa, gesi ikatoa mdogo mno. Mkuu wetu, tunayemwita Desimali kwa jinsi anavyopenda vijinambari, akaulaumu mwanga. Nikarudia kazi yote. Nikakuta baadhi ya galaksi za kundi lenyewe nimezihesabu kama za nyuma, na kwa kuwa mwanga wake haupindi, zilikuwa zinatupunguzia uzito. Nilipozitoa, pengo likazidi kupanuka. Nilitamani kulia.

Kumbe kosa lilikuwa kwenye gesi. Hesabu ya joto inafaa gesi ikiwa imetulia. Ikiwa inachafuka, sehemu ya nguvu yake haionekani kwenye joto, na uzito unatoka pungufu. Mimi nilikuwa nimeilainisha picha ya gesi ili ipendeze ukutani wageni wakija, kisha nikaisahau na kuitumia hiyo hiyo kuamua kwamba gesi imetulia. Desimali akaomba picha mbichi. Ukingoni palikuwa na mkunjo mkubwa: kundi dogo lilishapita katikati ya hili, na gesi bado inasukasuka.

"Nani kakwambia imetulia?" akaniuliza.

Nilirudi nyumbani na swali lile, Dada. Ni mimi niliyekuandikia kwamba Baba ametulia. Nilisema anakula, anabishana na redio, anakusalimu, na yote ni kweli. Sikukwambia kwamba kila asubuhi anapiga pasi shati, analivaa, anafunga vifungo mpaka shingoni, halafu anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango bila kwenda popote. Nikirudi jioni yupo pale pale. Nilitaka kukuondolea wasiwasi tu, na sasa najuta.

Jana nilimsomea barua yako.

"Mwambie asijisumbue," akasema. "Mimi sina neno."

Nikaenda zangu jikoni. Baadaye nikapita karibu na chumba chako nikamwona amesimama na pasi, ananyoosha mashuka yako, polepole, pembe kwa pembe. Leo kitanda chako kimetandikwa, na kile kiti chake amekisogeza dirishani, upande wa barabara.

Msalimie sana Shemeji, na mama mkwe wako umwambie namkumbuka. Mchokozi mbusu mashavu yote mawili. Mungu awalinde huko mliko, na awalinde njiani.

Ni mimi nikupendaye,
Kitinda mimba wenu