Mkunjo wa Kibati

Kambi ya mafuta, Williston, Dakota Kaskazini
8 Februari 1998

Dada Verlene,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Curtis, na kwamba kile kikohozi chako kimeanza kukuachia usingizi. Mimi ni mzima wa kusimama, ila mgongo umezeeka kabla yangu. Baridi ya huku inauma hadi kwenye meno. Tunavuta mabomba kisimani na glavu zinagandia kwenye chuma. Nisikuchoshe na hayo, nije kwenye lililoninyima usingizi.

Jana kantini nimeokota gazeti la magari, katikati nikaikuta Plymouth ya Baba. Ile ile, rangi ya chungwa. Royce Maddox anaipeleka kwenye mnada wa Louisville, mwezi wa tano. Wameandika "halisi kwa kila skrubu." Nilicheka mpaka mpishi akaniuliza kama nina homa.

Unakumbuka siku ile ya maonyesho mbele ya mahakama, boneti iko wazi na watu wamejaa. Royce, mtaalamu wao, akagusa kile kibati kilichofungwa kwenye madigadi, kinachotaja injini, rangi na siku gari lilipoundwa. Akasema kwa sauti ya mchungaji, "Orville, kibati hiki kina mkunjo. Kimebanduliwa kwenye gari lingine. Umeuziwa bandia, mzee wangu, au umejitengenezea?" Baba naye kiharusi kilikuwa kimempinda mdomo. Alitaka kujibu, yakatoka mate. Wiki iliyofuata Royce akaja na trela, akalichukua kwa bei ya chuma chakavu, eti anamwonea huruma.

Dada, mkunjo ndio ukweli wenyewe. Baba alifanya kazi ya kufunga vibati hivyo kiwandani Detroit. Kabla ya rangi, kibati kilifungwa kwa skrubu moja, kikakunjwa kwa kidole gumba kisimame, ili rangi ipite chini yake. Gari likishakauka kilinyooshwa na skrubu ya pili ikaingia. Kibati cha kiwanda kile lazima kiwe na kovu. Kisicho na kovu ndicho cha kuogopa.

Sasa kwenye picha, ambayo nimeikata nikaitia humu kwenye bahasha, kibati ni bapa kama kisu cha siagi, tena kinang'aa. Royce hawezi kukitia mkunjo, kwa sababu ni yeye aliyeitangazia kaunti nzima kwamba mkunjo ni dalili ya udanganyifu. Uongo wake umemfunga mikono. Gari ni la kweli, na namba ya chesi pale chini ya kioo ni ya kweli, ribiti zake hazijaguswa. Kibati tu ndicho bandia, maana kile cha kweli Baba alikifungua kwa mkono wake mmoja mzima kabla trela haijaondoka. "Kama ni uongo, niachie uongo wangu." Hilo alilitamka vizuri. Royce akacheka, akamwachia.

Kiko wapi? Nitumie. Nataka nisimame Louisville mbele ya wanunuzi wake, nikiweke juu ya boneti, kisha nimtazame usoni. Kughushi kibati ni jela. Lakini jela ni ya serikali. Uso wake ni wangu.

Mdogo wako,
Denver


Pine Fork, Kentucky
19 Februari 1998

Mdogo wangu Denver,

Nashukuru Mungu uko salama. Vaa soksi mbili, na usinidanganye kwamba unazivaa. Sisi tupo. Kikohozi kinaondoka kama mgeni asiyetaka kwenda, hatua mbili mlangoni, moja ndani. Curtis anakusalimu. Bado yuko gereji kwa Royce. Tangu mgodi ufungwe, mkate wetu unatoka mkononi mwa yule yule, na kila Ijumaa naumeza kwa shida.

Kibati kipo. Nimekiweka ndani ya mkebe wa unga wa mahindi.

Nikuambie kitu. Royce alikuja hapa Krismasi. Kavua kofia, kaleta pai ya tufaa aliyoioka mkewe.

"Verlene, mzee aliacha vikorokoro vyovyote? Vibati, funguo, nini?"

"Aliacha meno ya bandia," nikamwambia. "Unayataka?"

Akacheka peke yake. Pai niliwapa kuku.

Usidhani wewe ndiye peke yako mwenye kidonda. Mazishini, mama mmoja nyuma yangu alisema, "Maskini Orville, alikuwa mtu mzuri kabla ya mambo ya kile kibati." Nilikuwa nimeshika kitabu cha nyimbo, nikakikunja mpaka jalada likapasuka. Mimi pia nataka kumwona Royce akitafuta pa kuuficha uso. Nitakutumia kibati wiki ijayo, nikienda mjini posta.

Dada yako,
Verlene


Williston
22 Machi 1998

Dada,

Hujambo? Nyumbani hawajambo? Mimi nadunda. Juzi mnyororo umekatika ukapita karibu na sikio langu, mwenzangu kutoka Oklahoma akasema, "Denver, wewe hata kifo kinakuona sura mbaya." Tumecheka tukaendelea na kazi.

Kibati hakijafika. Kila posta ikija nasimama wa kwanza kwenye foleni kama mtoto. Kama umekituma, niambie. Kama hujakituma, niambie pia.

Mimi nimeshapanga. Nitaomba ruhusa mwezi wa tano na nitakuja kwa basi. Gazeti halikutaja siku, nitafutie. Nimeyaandaa hata maneno. Nitamwambia, "Royce, uliuliza kama Baba alijitengenezea. Leo jibu wewe." Kisha nitamwacha ahangaike. Usiku nayarudia maneno hayo kitandani, na hayo ndiyo yananipa usingizi sasa.

Andika upesi.

Mdogo wako,
Denver


Pine Fork
14 Aprili 1998

Denver mdogo wangu,

Nisamehe kwa kimya. Afya ipo. Amani ndiyo haipo.

Sijakituma. Nilikuwa nimeshakifunga ndani ya soksi, nikamwonyesha Curtis picha yako ya gazeti ili tucheke wote. Hakucheka. Aliiweka mezani, akaenda kusimama mlangoni.

"Curtis, vipi?"

"Hicho nimekigonga mimi."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akarudia. Royce ana mashine bandani, ya kugongea vibati vya shingoni mwa mbwa. Baba akiwa bado hai, alimletea namba kwenye karatasi, akamwambia, "Gonga, au ukachimbe mawe, mgodi umeshafungwa." Akagonga. Alijua ni gari la Baba, Denver. Nilimuuliza hilo mara mbili, nikitumaini atadanganya.

Nimelala chumba cha pili tangu siku ile. Lakini nimemuuliza wakili. Anasema aliyegonga na aliyeagiza wako kapu moja, isipokuwa aliyegonga aseme mwenyewe kwanza, kabla hajatajwa na mtu. Ukisimama Louisville ukapiga kelele, wa kwanza kukamatwa ni mume wangu, na Royce atasema hakujua, fundi ndiye aliyemdanganya.

Kwa hiyo nakuomba. Tafuta njia nyingine ya kumpata Royce. Iko njia. Nipe muda. Ninakuomba kama aliyekulea Mama alipofariki.

Dada yako,
Verlene


Williston
23 Aprili 1998

Dada,

Salamu. Mimi ni mzima.

Nimesoma barua yako nikiwa juu ya mnara, nusura niiachie upepo. Curtis alibeba jeneza la Baba. Alikuwa mbele, upande wa kulia, nyuma yake nilikuwa mimi. Niliona shingo yake inatoka jasho nikasema, huyu shemeji ana moyo. Kumbe mkono ule ule ulikuwa umeshagonga.

Unaniomba muda. Baba alipewa muda gani siku ile mbele ya mahakama? Curtis naye afungwe. Nitalitaja jina lake kwa sauti, baada ya la Royce. Wewe utapata mume mwingine, mimi sitapata baba mwingine.

Sihitaji ruhusa yako. Kibati ukikataa kunipa nitakuja bila kibati, mdomo ninao. Niambie tu ni siku gani.

Denver


Pine Fork
2 Mei 1998

Denver,

Salamu nimepokea.

Mnada ni Jumamosi, tarehe 16 Mei, kwenye ukumbi wa maonyesho, asubuhi. Njoo. Kibati utakikuta huko.

Dada yako,
Verlene


Pine Fork
20 Mei 1998

Denver,

Barua hii naituma kambini kwa sababu najua umesharudi. Natumai safari haikukuumiza mgongo.

Najua Jumamosi ulifika ukakuta nafasi tupu, na kwamba mlinzi alikuambia gari la chungwa lilishaondolewa na polisi. Sikukudanganya. Mnada ulikuwa Jumamosi. Ukaguzi wa magari ulikuwa Alhamisi, na hilo hukuniuliza.

Alhamisi asubuhi basi lako lilikuwa bado Minnesota. Curtis alivaa suti, mimi nilivaa koti la Baba. Tulimkuta Royce amesimama karibu na gari, anakunywa kahawa na mkaguzi wa mnada.

"Verlene binti yangu," akasema, "umekuja kuliaga gari la mzee?"

Curtis akamwambia, "Fungua boneti, Royce."

"Wewe leo hukuomba ruhusa kazini."

"Sirudi kazini. Fungua boneti."

Mkaguzi akauliza kuna nini, akaifungua boneti mwenyewe. Curtis akamwelekeza kwenye kibati kwa kidole. "Hicho nimekigonga mimi, bandani kwake, kwa mashine ya vibati vya mbwa. Mashine bado iko pale. Yeye ndiye aliyeniletea namba." Aliyasema taratibu. Aliyamaliza yote, kabla mtu yeyote hajamtaja.

"Huyu ni mlevi," Royce akasema.

Nikatoa kibati cha Baba kwenye soksi, nikampa mkaguzi. Akakilaza kando ya kile kingine. Matundu ya skrubu, kovu la mkunjo, rangi ya chungwa iliyoingia hadi chini, siku ya kuundwa. Alikuwa na kioo cha kukuzia, hakukihitaji.

Watu walianza kusogea. Royce akanishika mkono. "Verlene, tuyamalize kijirani."

"Jirani yangu yuko makaburini," nikamwambia. "Uliuliza kama Baba alijitengenezea. Leo jibu wewe."

Ndiyo, Denver, niliyatumia maneno yako. Yalikuwa mazuri.

Curtis alikwenda na polisi kwa miguu yake, bila pingu. Wakili anasema huenda wakamwacha nje. Royce walimfunga pingu. Jumapili mchungaji amemtaja Baba kanisani, kwa jina lake lote, na yule mama wa mazishini amenishika mkono akilia. Jina la Baba limesafishwa. Hilo ni letu sote, lichukue.

Lakini uliandika kwamba nitapata mume mwingine. Niliisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama jikoni, nikajua nitakachokufanyia.

Ulitaka uso wa Royce. Nilipomjibu, alinitazama, akatazama kibati, akatazama watu. Mimi nilikuwa mbele yake, hatua moja. Nimeona kila kitu ulichokuwa unakiota kitandani, tangu mwanzo mpaka mwisho wake. Na sitakusimulia uso wake ulivyokuwa, leo wala ukiniandikia kila wiki mpaka tuzeeke.

Verlene,
mke wa Curtis