Fimbo za Kukulia

Jumamosi, jioni. Mawingu tangu asubuhi.

Leo Maskati imejisahau. Jua halikutoka sawasawa, upepo una kiubaridi, na hapa mtaani kwetu Mabela watu wametoa masweta kabatini kwa furaha kama siku ya Idi. Siku za namna hii mimi huwa simo duniani. Nakaa nje na kikombe changu cha chai, naangalia viwanja vitupu vilivyo mbele ya nyumba yetu, na polepole navimwagia theluji kwa macho. Inaanzia kwenye matangi ya maji juu ya mapaa, inashukia magari, inafunika njia yote mpaka msikitini. Kisha namuona Rukia anapita katikati yake, mdogo, anateleza, wala hageuki nyuma.

Mwisho wa mwezi mwanangu anakwenda Kanada.

Ana miaka saba. Mama yake, Salma, ni mke wangu na yuko huko mwaka wa pili sasa, anasomea udaktari bingwa wa watoto, na bado masomo yamembakia mengi. Rukia anakwenda likizo tu. Atasafiri na mjomba wake na atarudi naye. Ndivyo tulivyokubaliana. Lakini wiki iliyopita Salma aliniomba nimtumie cheti cha skuli cha mtoto na kadi yake ya chanjo. "Ziwepo tu," aliandika. Nikazituma, sikuuliza za nini. Mimi ni mtu wa kuota mchana, na watu wa aina yangu hatupendi kuuliza, tunaogopa kuamshwa. Nilirudi kwenye kazi zangu za ofisini Al Khuwair nikajifanya nimesahau.

Huko Rukia atafundishwa kuteleza kwenye theluji. Salma alisema nisijisumbue na chochote, kila kitu kinakodishwa, na wanaoanza pengine hawapewi hata fimbo. Nikang'ang'ania hizohizo fimbo, zile mbili za kushika mikononi. Nilitaka katika baridi yote ile mtoto awe ameshika kitu alichopewa na baba yake. Ni upuuzi, najua.

Leo alasiri kwanza nilitaka kumpima hapahapa nyumbani. Nilimsimamisha ukutani, nikachukua mpini wa ufagio na penseli, ndipo mama yangu alipotoka jikoni akaninyang'anya ule mpini.

"Wee Nassor, una wazimu? Mzima hapimwi kwa mti. Anayepimwa kwa mti ni maiti, kaburi lake lichimbwe."

"Mama, napima fimbo, simpimi mtoto."

"Basi kaipime huko dukani, hapa sitaki. Na kwani huko baridini wote vilema, hata watoto wende na mikongojo?"

Rukia alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, ila lile neno la kaburi nilikwenda nalo garini na likakaa na sisi njia nzima.

Duka la michezo lilikuwa tupu. Dada mmoja wa Kikenya akatupeleka kwenye kona ya vifaa vya baridi, akatuonyesha fimbo za watoto zimening'inia, nyekundu na manjano na buluu.

"Za watoto ni hizi, bosi. Lakini nikuambie ukweli, hiyo theluji mimi nimeiona tu kwa simu."

"Hata mimi, dada yangu."

Tukacheka wote wawili, wageni wa jambo moja, tukasoma pamoja kile kikaratasi kilichofungwa kwenye fimbo. Unaigeuza fimbo juu chini. Mtoto anaishika chini ya kile kisahani kilicho karibu na ncha. Kiwiko kikikunjika sawasawa kama pembe ya meza, fimbo imemtosha. Na chini yake onyo: usimnunulie mtoto fimbo ndefu ukisema atakua. Itamuinua mikono, itamvuta nyuma, ataanguka.

Nikalisoma onyo lile tena. Sisi kwetu kila kitu ni cha kukulia. Kanzu yangu ya Idi ilikuwa na pindo la kutosha kanzu nyengine, na viatu vyangu vya skuli vilitiwa pamba mbele mpaka mguu ulipofika. Sikumbuki utotoni kuvaa kitu kilichokuwa cha mwaka uleule. Rukia naye namvisha hivyohivyo. Sasa hapa kuna kitu kinachomtaka mtoto wa leo, alivyo leo, na nikajikuta nimeipenda ghafla ile fimbo.

Nikamrikodia Salma ujumbe wa sauti, kwake ndiyo kwanza kunakucha. Jawabu likaja tungali tumesimama palepale. Rukia alitaka kumsikia mama yake, nikaifungua sauti kubwa.

"Chukua ndefu kidogo, habibi, za kukulia. Mwakani zitamfaa bado."

Mwakani.

Aliisema kwa wepesi, kama mtu anayeagiza mkate. Rukia alikwisha kuzitwaa zile ndefu, anateleza nazo katikati ya rafu kwa raba zake, mikono imemfika masikioni. Akasimama mbele yangu.

"Baba, kwani mwakani ntakuwa wapi?"

"Sijui, mwanangu."

Akanitazama kidogo. "Hizi nazirejesha," akasema. "Zinanchosha mikono."

Tukanunua zilizomtosha, za manjano.

Tulipofika nyumbani nikampiga picha na fimbo zake, nikamtumia mama yake. Jawabu lake: "Mbona fupi?" Nikaandika maneno, nikafuta, nikaandika mengine ya mzaha, nikafuta nayo. Mwisho nikampigia.

"Salma," nikamwambia, "mwakani nataka mtoto awe hapa."

Nilisikia birika likichemka jikoni kwake, kisha likazimwa.

"Na mimi," akasema, "nataka awe hapa."

Hapa pangu na hapa pake. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nina hoja zangu zote, skuli yake, bibi yake, binamu zake. Hazikunitoka. Alikuwa analia, na mimi niliuma mdomo nisilie, kwa sababu Rukia alikuwa ukumbini anasikia. Tulikaa hivyohivyo kwenye simu mpaka ikambidi aende hospitali.

Siwezi kumwambia mtoto wa miaka saba achague. Huo ni mzigo wetu, haumuhusu. Wala siwezi tena kujifanya kwamba cheti kile cha skuli nilikituma kiwepo tu.

Tangu Salma aondoke nimekuwa naota siku moja tu, siku atakayorudi. Sikuwahi kuota kitu chengine. Mama yangu yupo chumba cha pili anaswali, na swali hili sithubutu kulitamka kwa sauti, nimeliandika hapa tu: kwani hapa pangu hapawezi kuhama?