Orodha ya Mazoezi

Mama yangu mpenzi,

Kabla hujasoma zaidi, fungua mfuko wa bluu ulio chini ya karatasi hii. Humo mna dawa yako ya sukari na mabomba kumi ya sindano. Jichome kwanza kama ulivyozoea, ndipo uketi usome. Shikamoo yangu utaipokea ukishamaliza.

Sasa shikamoo, Mama. U hali gani? Miguu bado inavimba? Nimezoea kukuuliza haya huku jibu nikilijua, lakini leo silijui. Mimi mwili ni mzima, ila chai niliyoletewa asubuhi imepoa mezani. Kaka naye hajambo. Anapiga simu kila baada ya saa moja, hata nimeanza kuiogopa simu yenyewe.

Huenda hujui yaliyotokea ng'ambo ya mto. Jumanne mafuriko yalilibeba daraja, yakabeba nguzo za umeme na minara miwili ya simu. Barabara ya kuja kwako imekatika sehemu tatu. Tulichobaki nacho ni droni, zile ndege ndogo zisizo na rubani ulizosema zinanguruma kama cherehani mbovu, na vile vifaa vya kitufe kimoja tulivyogawa nyumba kwa nyumba. Chako ulikitundika kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni, ukakiita kengele. Kinawasiliana na setilaiti moja kwa moja, kwa hiyo hata mitandao yote ikifa, chenyewe kinafika. Ukibonyeza mara moja unaomba maji, mara mbili chakula, mara tatu dawa. Kila ombi linawasha nukta kwenye ramani kubwa iliyo ukutani hapa ofisini, na wanaoomba dawa ndio wanaotangulia.

Kazi yangu ni kuitazama ramani hiyo na kupanga droni ipi iende wapi. Tuko wanne katika chumba kilichokuwa stoo ya vitabu, tunapumzika kwa zamu juu ya maboksi ya mablanketi. Msimamizi wetu tunamwita Mzee Foleni, maana foleni haipindishi hata aje waziri. Jumatano tulirusha droni thelathini na nne. Kila nilipopata nafasi nililitazama bonde lako, na kila mara lilikuwa jeupe, hakuna nukta hata moja kwenye nyumba yako. Kaka aliponiuliza nilimwambia atulie, kwamba Mama angekuwa na shida angebonyeza. Nilimwambia hivyo mara tano au sita ndani ya siku mbili, na maneno yangu nikayaamini mwenyewe.

Leo asubuhi kompyuta ilikuwa nzito. Mzee Foleni akaniambia nifute orodha ya mazoezi ili ipate kupumua. Hiyo ni orodha ya pembeni. Tunapofanya majaribio tunaviweka vifaa katika hali ya mazoezi, na maombi yake hayaendi kwenye ramani, yanajikusanya huko mpaka yafutwe bila kusomwa. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kufuta nilipoiona namba ya kifaa chako.

Mara kumi na nne tangu mafuriko, Mama. Tatu, tena tatu, tena tatu, kuanzia Jumatano alfajiri. Mara kumi na tatu uliomba dawa. Ya kumi na nne ilikuwa jana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na hiyo ulibonyeza mara moja tu. Baada ya hapo hakuna kitu.

Mtambo haukukosea. Nimekosea mimi. Unakumbuka ulivyokuwa ukibonyeza kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu ili nijue umeamka salama? Nilikukataza, ukacheka, ukasema kengele isiyosalimia ni bati tu. Huku kwetu nukta ya maji ikawa inawaka kila siku kwako. Wenzangu wakanitania wakiuliza Mama yangu anaoga mara ngapi, na Mzee Foleni akaniuliza mbele yao kama huduma ya dharura tumeifanya ya kupigiana soga. Niliona haya. Mwezi uliopita nikakiweka kifaa chako katika hali ya mazoezi, kimyakimya, nikijiambia nitakirudisha Jumatatu. Jumatatu ikapita, nikasahau kabisa. Salamu zako za mwezi mzima nimezikuta humo humo kwenye orodha.

Nimemweleza Mzee Foleni kila kitu. Nilitamani anifokee. Badala yake akatazama saa, akasema zamu yako, Mama, kwenye foleni ilikuwa Jumatano alfajiri, akaagiza droni ya kwanza iliyo tayari ipakiwe dawa yako. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Kaka sijamwambia, sina mdomo wa kumwambia.

Droni italishusha sanduku hili uani kwa kamba, kisha itageuka papo hapo, maana betri inatosha kwenda na kurudi tu. Hatutaona nani ameliokota. Kama anayesoma haya ni jirani yetu mshona viatu, nakuomba, Baba, ishia hapo hapo. Uchukue mfuko wa bluu uingie ndani ukamtazame.

Kama ni wewe, Mama, nisamehe. Au nikasirikie, nitashukuru vilevile. Msalimie jirani na wote mliobaki huko bondeni. Kengele yako nimeirudisha kwenye ramani. Nimekaa mbele yake na sinyanyuki. Bonyeza mara moja tu, kama kila asubuhi.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba wako